Wasomaji Wauliza: Unaandika «мама», wao wanasoma «тата»

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kutoka Lubumbashi zinazogusa jambo moja. Mtu amejifunza herufi za Kirusi kitabuni, anazisoma bila shida, lakini akiona Kirusi kilichoandikwa kwa mkono haoni kitu. Kwa kuwa ukurasa wa chapa hauwezi kuonyesha mwandiko wa mkono, kila umbo tutalilinganisha na herufi za Kifaransa za kuunga, zile mlizofundishwa shule ya msingi.

*Jambo yenu. Natarajia kwenda kusoma mambo ya migodi huko Urusi. Herufi zote 33 nimezishika na kitabu ninakisoma. Juzi rafiki aliyeko kule alinitumia picha ya kaye yake ya darasani, sikupata hata neno moja. Je, ni lazima nijifunze mwandiko wa kuunga, au herufi za chapa zitanitosha? (Mwanafunzi, Katuba)*

Ni lazima, ndugu yetu, na uanze sasa. Usingoje podfaki, ule mwaka wa maandalizi ya lugha, maana huko utakuta mwalimu anaandika ubaoni kwa kuunga tangu siku za mwanzo. Mrusi akishika biki haandiki herufi za chapa. Mtoto anafundishwa kuunga tangu darasa la kwanza, kwa kaye maalumu ziitwazo прописи zenye herufi za kufuatisha na mistari ya mshazari inayoongoza mlalo wa mkono. Wewe ukiandika kwa chapa utasomeka, hilo si kosa. Lakini utabaki nyuma ya mwalimu anayesomesha kwa mdomo, na noti za wenzako hazitakusaidia. Kwa mgeni, haja ya kusoma mwandiko ni kubwa kuliko haja ya kuandika, ila jicho halizoei umbo ambalo mkono haujawahi kulichora.

Una faida moja: mkono wako tayari unajua kuunga, kwa sababu ya Kifaransa. Faida hiyo hiyo ndiyo mtego. Angalia herufi hizi za mkono: т ya Kirusi ina umbo la m ya Kifaransa, п ni kama n, и ni kama u, na д ni kama g. Sasa mkono uliozoea Kifaransa ukitaka kuandika м ya Kirusi huchora m yake ya siku zote, yenye matao juu. Mrusi hasomi м hapo, anasoma т. Umeandika «мама», yeye amesoma «тата». Umeandika «мы», yaani sisi, yeye amesoma «ты», yaani wewe. Vivyo hivyo н: ukiichora kama n ya Kifaransa inageuka п, na «нить», uzi, inakuwa «пить», kunywa. Haya ndiyo makosa tunayoyaona zaidi kwa watu waliosoma shule za Kongo, na wanaoyafanya ni wale wenye mwandiko mzuri wa Kifaransa.

Dawa ya м ni kikulabu. Weka biki kwenye mstari wa chini, fanya ndoana ndogo inayojikunja kushoto, panda kwa mshazari hadi juu, kata kona, shuka, panda tena, shuka tena, malizia kwa mkia mdogo kulia. Juu pana ncha mbili zilizochongoka, hakuna tao hata moja. Kikulabu hicho kinamilikiwa na herufi tatu tu: л, м na я. Ukikiacha, л inapotea ndani ya herufi jirani na м inasomeka vingine. Kwa hiyo kikulabu kiandike hata neno likiwa refu na mkono umechoka. Baada ya о, ambayo huishia juu, kushuka kutafuta kikulabu ni kazi, kama katika «молоко», maziwa. Inua biki uanze л upya, hakuna atakayekulaumu.

Ya н ni rahisi: ni H ndogo. Kijiti, daraja fupi katikati, kijiti cha pili. Na к isipande juu kama k ya Kifaransa. Katika mwandiko wa Kirusi herufi ndogo zinazopanda juu ya mwili wa mstari ni chache mno, hasa б na в. Ukiona neno lako limejaa milingoti, umerudi kwenye Kifaransa.

Sasa tufike pale wageni wengi wanapokata tamaa. и ina mishuko miwili ya biki iliyoungwa chini, ш ina mitatu, л ina mmoja. Chukua neno «лишишь», utamnyima. Mishuko ni 1, 2, 3, 2, 3, na 1 wa ь: jumla 12, yote ina kimo kimoja, yote imelala upande mmoja. Mwanzoni jicho linaona uzio wa miti. Usilikisie neno kama hilo. Hesabu. Tafuta kikulabu cha л, tafuta kitanzi kidogo cha ь mwishoni, kisha gawanya vijiti vilivyobaki katikati. Na ushike kanuni hii: и na ш ni herufi za mabonde, zinaungwa chini, п na т ni herufi za matao, zinaungwa juu. Mwandishi mwenye haraka huyafanya matao na mabonde kuwa msumeno mmoja, ndiyo maana Warusi wengi huweka mstari mfupi juu ya т na mstari mfupi chini ya ш. Mistari hiyo haimo katika kaye za shule, ila nawe uitumie tangu siku ya kwanza.

*Nina vijana watano ninaowasaidia jioni kabla hawajaondoka. Nianze na herufi gani, kwa kaye ya aina gani, na muda gani unatosha? (Mwalimu, komine ya Kenya)*

Mwalimu, usifuate mpangilio wa alfabeti. а, б, в, г zinafuatana kwenye orodha lakini mkono unazichora kwa njia nne tofauti. Fuata mwendo wa biki. Siku tatu za kwanza ziwe za mabonde: и, й, ш, kisha ц na щ, ambazo ni zilezile zikiongezwa kitanzi kidogo chini kulia. Kitanzi hicho kiwe kidogo kweli. Kikirefuka ц inafanana na у. Siku mbili za matao: п, т, na р ambayo kijiti chake cha kwanza kinashuka chini ya mstari. Siku mbili za vikulabu: л, м, я. Hapo wape maneno kabla hawajamaliza herufi zote, maana herufi peke yake haifundishi kuunga. Zinazobaki zichukue siku nne au tano, na б na д zisimame pamoja: б ina tumbo chini na mkia unaopanda ukielekea kulia. д ya kawaida inashuka kama g, lakini ipo ya pili ambayo mkia wake unapanda ukielekea kushoto. Kijana asiyeijua ya pili ataisoma kama б kila mara.

Kaye nzuri ni ile ya mistari miwili miwili ya watoto wa darasa la kwanza. Ukiikosa, kaye ya karo inafaa: karo moja kwa mwili wa herufi, moja juu kwa б na в, moja chini kwa mikia. Dakika 20 kila jioni zinazidi saa mbili za Jumamosi. Mkono ukichoka vikulabu ndivyo vinavyopotea kwanza, kwa hiyo vikianza kupotea wasimamishe hapo.

Kwa mtihani wa mwisho wa juma tunapendekeza «Лубумбаши». Neno hilo lina karibu kila kitu: kikulabu cha Л kubwa, mikia miwili ya у, б mbili ambazo mkia wake huishia hewani na kuwalazimu wengi kuinua biki, kikulabu cha м katikati, kisha «ши» yenye mishuko mitano. Mpe mwenzake ahesabu ile mitano. Ikiwa minne au sita, neno liandikwe upya.

*Kwenye kitabu changu maneno mengine yamelazwa, na humo т imekuwa m na и imekuwa u. Ni makosa ya kiwanda cha chapa? (Msomaji, Kampemba)*

Si makosa. Herufi za chapa zilizolazwa zilichukua maumbo yake kutoka mwandiko wa mkono, na т ya miguu mitatu ilikuwemo hata katika vitabu vya Kirusi vya karne ya 18 visivyolazwa. Kwa hiyo kurasa hizo ni mazoezi ya bure ya kusoma mkono. Ila jihadhari na jina: Warusi wakisema курсив wanamaanisha chapa iliyolazwa, si mwandiko wa kuunga kama Kifaransa kinavyodokeza. Mwandiko wa mkono wanauita рукописный.

*Mwanangu ana fomu za kujaza. Moja inasema «печатными буквами», nyingine «прописью». Nimeambiwa ya pili ni ya kuunga. Na jina letu linaloanza na herufi Tsh tuliandikeje? (Mama, Ruashi)*

Mama, aliyekuambia amekosea, na kosa hilo linaharibu fomu. «Печатными буквами» ni kweli herufi za chapa: kubwa, moja kwa kila kisanduku, bila kuunga. «Прописью» kwenye fomu, hasa penye pesa, maana yake ni kuandika tarakimu kwa maneno. Mahali pa 5000 anaandika «пять тысяч». Akiandika 5000 kwa mwandiko mzuri wa kuunga atakuwa hajajibu kitu.

Katika herufi za chapa kuna mtego mwingine: P ya Kirusi husomwa r, H husomwa n, C husomwa s, B husomwa v. Mtu aliyezoea jina lake kwa Kifaransa mkono humponyoka.

Tsh ya majina yetu ni Ч moja tu, kama mji wa Tshikapa unavyoandikwa Чикапа. J ya Kifaransa ni Ж, hivyo Jean ni Жан. J ya Kiswahili ni Дж, hivyo Juma ni Джума. W ndiyo yenye ubishi, wengine huiandika в, wengine у. Chochote mtafsiri wa pasipoti alichochagua, mwanao akinakili hivyo hivyo kwenye kila karatasi, hata kama angependa vingine. Hati mbili zenye jina la tahajia mbili zinakuwa za watu wawili. Kisanduku cha «отчество» si cha post-nom, lile jina letu linalofuata jina la ukoo. Ni cha jina linalotokana na jina la baba kwa desturi ya Kirusi. Post-nom iwekwe pale tafsiri ya pasipoti ilipoiweka.

Na azoee muundo wa заявление, yaani ombi, kwa sababu chuoni mara nyingi linaandikwa kwa mkono. Juu kulia ni kwa nani na kutoka kwa nani, katikati neno «Заявление», maelezo yaanze na «Прошу», naomba, kisha chini tarehe na sahihi. Hapo mwandiko wa kuunga unaruhusiwa.

*Marehemu baba alisoma Moscow, chuo cha Lumumba, miaka ya 1970. Ameacha barua za Kirusi. Kirusi cha kitabu ninakisoma kidogo, barua siziwezi. Nianzie wapi? (Binti yake, Kamalondo)*

Pole kwa msiba, dada, na barua hizo zitunze. Chuo hicho kilifunguliwa 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba 1961, jina likaondolewa 1992 na kurudishwa 2023. Kwa hiyo kichwa cha karatasi au bahasha kikilitaja, kinakubaliana na miaka ya baba.

Usianzie sentensi ya kwanza. Anzia yale unayoyajua kabla hujasoma: tarehe, jina la baba, neno «Москва», na salamu, ambayo mara nyingi ni «Здравствуй», hujambo, au «Дорогой», mpendwa. Kata karatasi nyeupe, chora juu yake kila herufi kama mwandishi huyu alivyoiandika, na pembeni weka ya chapa. «Москва» pekee inakupa м yake, с, к, в na а. «Здравствуй» inakuongezea з, д, р, т na у. Ukiwa na herufi kumi zilizothibitishwa, rudi kwenye neno fupi zaidi katika ukurasa, si refu. Andika barua nzima kwa chapa, na palipokushinda weka nukta kwa idadi ya mishuko unayoiona, usikisie. Ukimaliza ukurasa, nukta nyingi zitajijaza zenyewe.

Kila mwandishi awe na karatasi yake. Ufunguo wa mkono wa baba hautafungua barua alizoandikiwa na wengine, kwa sababu mmoja anaweza kuandika д ya kushuka na mwingine ile ya kupanda. Alama mbili zisikusumbue: mwezi huandikwa mara nyingi kwa tarakimu za Kirumi, kama 12/IV, yaani tarehe 12 Aprili, na ile г ndogo yenye nukta baada ya mwaka, ambayo kwa mkono inafanana na s iliyogeuzwa, ni kifupi cha год, mwaka.