Rangi za nyumbani na mtoto anayelamba vidole

SWALI: Shikamoo anti. Nina watoto wawili, mmoja miaka 5, mwingine mwaka na nusu. Nimewatengenezea rangi ya kuchorea, kikombe cha unga wa ngano, cha chumvi na cha maji, nikakoroga basi. Mkubwa anafurahi ila huyu mdogo kila akichovya kidole kinaenda mdomoni. Je, ina madhara? Na bitiruti mbona nikiichemsha pamoja na rangi ule wekundu unapotea inakua kama kahawia? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Ya mkubwa endelea nayo ilimradi haili, lakini mdogo mtolee kabisa hiyo. Chumvi nyingi hivyo kwa mwili mdogo si mchezo, akimeza ya kutosha inaweza kumuumiza kweli, na unga mbichi nao unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha hata kama unaonekana safi, watu wengi hawalijui hili wanadhani mayai mabichi tu ndo tatizo.

Mdogo mpikie. Chukua konflawa, ule unga mweupe laini wa kukazia mchuzi, vijiko vikubwa 4, ukoroge kwanza na maji ya baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ndo umimine kwenye maji yaliyobaki (jumla vikombe 2) uweke jikoni moto mdogo huku unakoroga bila kuacha, maana ukigeuka tu chini kunashika. Ikishakuwa nzito na kung'aa kama uji, epua. Iache ipoe kabisa, na mimi huwa nachovya kidole changu hadi chini ya bakuli kwanza, kwa sababu juu inapoa mapema na katikati bado inaunguza.

Sasa bitiruti. Moto ndo unaoiua, rangi yake haivumilii kuchemka muda mrefu. Ikune mbichi, ikamue kwa kitambaa, halafu maji yake uyatie kwenye uji ambao umeshapoa. Hata hivyo picha ukiibandika penye jua itafifia tu, usishangae. Manjano haina shida na moto, tia hata ikiwa jikoni, ila nguo ndo zitakukoma! Zifue kisha uzianike juani, jua linasaidia sana kupunguza lile doa. Kabichi ya zambarau nayo chemsha, maji yake ukiyakamulia limau yanageuka pinki hapohapo, huyo wa miaka 5 mwachie akamue mwenyewe, atasahau hata kuchora.

Kwa vile haina chumvi haikai sana, siku 2 au 3 kwenye friji, ikianza kunuka uchachu mwaga. Na tafadhali usiihifadhi kwenye chupa ya soda au juisi, mtu atakunywa. Kama mdogo ana mzio wowote, angalia kwanza unachotia.