Sailensa inayopanda na kushuka

Mkuu, umeuliza kuhusu sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayopanda na kushuka: usinunue plagi bado. RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikipanda hadi 1,500 kisha ikashuka mpaka gari itake kuzima, na injini imeshapata moto, kwenye gari za EFI (mafuta hupulizwa kwa umeme) mshukiwa wa kwanza ni hewa inayoingia bila kupimwa. Sensa ya MAF hupima hewa mwanzoni mwa njia. Ikiingia nyingine baada ya sensa hiyo kupitia mpira uliopasuka, kontroboksi (kompyuta ya injini) haina habari nayo: mafuta yanapungua, inaongeza, inapunguza tena, ndiyo huo mshale unaocheza.

Ule mpira mnene unaotoka kwenye eya klina (boksi la chujio la hewa) upinde kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo, ukiutazama juu juu unaonekana mzima kabisa. Nimekuta hivyo mara nyingi gereji, na mwenye gari ameshabadilisha plagi na koili. Pita na mipira midogo ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) pia.

Ikiwa yote mizima, fungua throto, yaani mlango wa hewa wenye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Masizi meusi pembeni ya kile kisahani yasafishe kwa dawa yake, pamoja na vali ya sailensa kama gari lako linatumia waya wa akseleta. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ya gari ikiwa imewashwa. Baada ya kuisafisha sailensa inaweza kubaki juu mpaka kontroboksi ijifunze upya. Baadhi ya gari huhitaji mashine ya kupimia gari kwa kazi hiyo.