Homa Ichangie Luku: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kushika Maiki

Ijumaa iliyopita nilikaa nyuma ya jukwaa nahesabu. Walipanda chipukizi wanane wa uchekeshaji. Watano wakatuletea kichekesho kilekile cha Mchaga na pesa zake, wawili wakapitiliza taa ya kuwaambia muda umekwisha, na mmoja, kijana mwenye fulana ya njano ambaye kipaji anacho kwelikweli, akauvunja ukumbi mbavu dakika saba nzima. Aliposhuka, hata maji hajanywa, akawa anapandisha klipu mtandaoni. Zote saba, bila kubakiza hata salamu. Tumbo likanikata.

Haya, kaeni hapa. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. Taa ikiwaka, shuka. Wakiwa wanacheka ndiyo ushuke haraka zaidi.

2. Ukishaitoa maiki kwenye stendi, stendi isogeze pembeni. Mnakumbatiana nayo mpaka tunaona haya sisi tuliokaa.

3. Malipo ya awali kabla hujapanda basi. Promota akikwambia "tutaonana ukumbini", mtaonana kweli. Pesa ndiyo hamtaonana nayo.

4. Vitu vyako vyote usivimalizie kwenye televisheni. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka mitatu kwenye kazi hii, na jasho lote hilo lilikuwa limezaa dakika kumi na mbili zinazosimama. Mnajua ninachosema: zile unazoweza kuzipiga kwenye harusi, baa au mahafali, zikasimama. Roho yake ilikuwa mama mwenye nyumba. Wapangaji sita, luku moja ya umeme, na yeye usiku wa manane ananyata korido nzima akinusa milango kutafuta mwenye pasi. Anafika kwangu: "Mbona mlango wako wa moto?" Mama, naumwa, nina homa. "Basi hiyo homa nayo ichangie luku!"

Nikaitwa kurekodi kipindi. Kaka mmoja aliyenitangulia akanivuta pembeni: wape nne tu, zilizobaki ndiyo ugali wako. Nikajisemea moyoni, huyu ana wivu. Nikamwaga zote kumi na mbili.

Wiki tatu nilikuwa mfalme. Makonda wa daladala wanakataa nauli yangu, watoto wa mtaani wananiita Homa. Kisha ukaja mwaliko wa Tanga, dakika ishirini, malipo ambayo sikuwahi kuyashika. Nikaenda na zilezile kumi na mbili. Nane nikasema zitajijaza kwa vicheko.

Tanga, jamani. Kwa mchekeshaji King Majuto! Mzee huyo, jina lake Amri Athumani, mpaka anatutoka Agosti 2018, alikuwa akichungulia tu mlangoni watu wanaanza kucheka, neno hajasema. Nami kwa ujinga wangu nikadhani nimeshafika hapo kwa sababu ya mara moja kwenye kioo.

Nikaanza: "Nilipokuwa nimepanga Mbagala…" Mama mwenye nyumba hata korido hajaingia, mtoto wa kama miaka tisa, mstari wa mbele, kandambili zinaning'inia hazigusi chini, akapaza sauti: "Homa ichangie luku!" Ukumbi ukacheka. Ulimcheka yeye. Nikarukia kichekesho cha pili, akakimalizia. Cha tatu wakakimalizia wote kwa pamoja, kama wanaitikia dua. Dakika nne zimepita, kumi na sita ziko mbele yangu na sina hata punje.

Nikafanya kinachofanywa na kila mchekeshaji aliyeishiwa: nikaivaa lafudhi. Yao. Mbele yao. Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi cha Kenya, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, akaongea Kiswahili cha Mjaluo miaka na miaka mpaka watu wakaamini ndiko alikozaliwa, maana ile lafudhi ilikuwa na mtu ndani yake, mzee mwenye mke, madeni na ubishi wake. Yangu ilikuwa puani tu. Ukumbi ukatulia nikasikia feni.

Nilitamani wanizomee. Tanga hawakunizomea. Mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga vizuri, akainuka, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa na chupa ya maji, akasema kwa upole kabisa, na maiki ikamnasa: "Mwanangu, pole. Hebu shuka unywe maji, umechoka." Nikashuka. Nikayanywa.

Ndani ya basi ndipo akili ilipoanza kurudi. Kina Joti, Masanja na Mpoki, wale wachekeshaji wa televisheni, enzi za EATV na baadaye TBC, kila wiki walikuwa hewani na hatukuwachoka. Lakini lile lilikuwa kundi zima linalotunga, na tulikuwa tunawafuata watu: Joti akijitanda kanga akawa bibi, tunataka kujua leo bibi kafanya nini. Mimi sikuwapa mtu wa kumfuata. Niliwapa majibu ya mtihani.

5. Msiibe vichekesho. Dar ni ndogo, na mwenyewe yuko mstari wa nyuma anakula mishikaki.

6. Kuhusu yule mama wa Tanga. Ni mwaka wa nane sasa nasimulia habari yake, Mwanza, Mbeya, Mombasa, na haijaniangusha. Maprodyuza wananiuliza mbona hiyo hatujawahi kuirekodi, nami nawapa cha daladala badala yake. Yeye namtunzia wanaolipa kiingilio.

Na wewe wa fulana ya njano: nimeangalia asubuhi, klipu imefika watazamaji elfu arobaini. Hongera. Tarehe ishirini na mbili tuko pamoja Morogoro, umepewa dakika kumi na tano. Unakuja na nini?