Baba wa simu: maswali yenu kuhusu gemu

Tangu niliposema hapa kwamba masteringi wengi wa gemu, yaani wahusika wakuu, wamelelewa na mama peke yake, maswali hayajakatika. Nimechagua haya.

Baba wa yule mtoto wa Pokémon yuko wapi? Mbona gemu zote hazina baba? (Kijana, Mkomani)

Swali hili naletewa kila mwezi. Katika Pokémon ya kwanza, ya 1996, ukishuka ngazi unamkuta mama mezani, anakwambia kila mvulana huondoka kwao siku moja, basi. Baba hatajwi. Lakini Ruby na Sapphire za 2002 zina baba, anaitwa Norman, ana ukumbi wake mji wa Petalburg, na lazima umshinde ndipo akupe beji. Usiseme "zote" kabla hujacheza.

Mwanangu wa miaka 9 anacheza gemu ya zamani, EarthBound. Juzi kaniambia baba wa mle ndani ni "kama Baba". Mume wangu yuko Doha mwaka wa tatu sasa. Nifanyeje? (Mama, Shela)

Bi, mwanao ameona sawasawa. Gemu hiyo ilitoka Japani 1994, na baba wa Ness, steringi wake, huwezi kumuona tangu mwanzo hadi mwisho. Ni sauti ya simu. Ukimshinda adui, pesa huziokoti chini kama katika gemu nyingine. Baba anaziweka benki, nawe unakwenda kuzitoa kwenye mashine. Ukimpigia anakwambia ameingiza kiasi gani, kisha anakusevia gemu. Ukicheza sana anapiga mwenyewe, anakuuliza kama hutaki kupumzika. Ana huruma, na anatimiza wajibu wake wa pesa. Lakini mlangoni haingii.

Mwezi uliopita nilikuwa kibanda kimoja cha gemu huku Langoni. Mtoto wa kiasi cha darasa la nne aliletewa simu na dadake, baba yuko Arabuni. Akaiegemeza kwenye chupa ya maji, pedi ya gemu bado iko mkononi. "Umesoma?" "Ndiyo." "Pesa imefika?" "Imefika." "Haya, msikilize mamako." Haikutimia dakika. Mtoto alikuwa ameanza kuigeuza simu ili baba aione skrini, amuoneshe alipofika, na simu ikakatika akiwa ameishika hivyo hivyo.

Kwa hiyo mwambie mumeo hivi: siku yake ya mapumziko, asiulize masomo wala pesa. Amuulize mtoto ni adui gani anayemshinda, anaitwaje, anapigwa vipi. Kisha anyamaze asikilize nusu saa. Wiki ijayo alikumbuke jina la yule adui. Mtoto atajua kwamba baba alikuwa anasikiliza.

Mimi simlaumu aliyevuka bahari kutafuta riziki. Ninaowalaumu ni wale wanaoishi vichochoro viwili kutoka kwa watoto wao, hapa hapa Lamu na kule Malindi, wakadhani shilingi mia tano ya M-Pesa imewamalizia kazi, na wengine hata hiyo hawatumi. Kina mama, kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema jukumu la kumlea mtoto ni sawa kwa baba na mama, wameoana au hawakuoana. Msikubali jambo hili liishie kwa maneno ya barazani. Liandikwe, na asiyetimiza apelekwe kwa Kadhi au mahakama ya watoto.

Baba yake CJ wa San Andreas ni nani? Nina miaka 12. (Malindi, Maweni)

Hatuambiwi. Gemu hiyo ya Grand Theft Auto, ya 2004, inaanza CJ akirudi nyumbani kwa sababu mamake ameuawa, na baba hana nafasi mle. Lakini wewe mwanangu, nani amekuwekea gemu hiyo? Ulaya imepigwa alama ya miaka 18. Wenye vibanda, mnamuona mtoto alivyo mdogo, na bado mnapokea shilingi ishirini yake.

Kratos ni baba mzuri? (Kijana, Langoni)

Katika God of War ya 2018 anajifunza kuwa baba, na amechelewa. Mama wa mtoto amekufa, baba na mwana wanapeleka majivu yake kileleni, na mzee hajui hata namna ya kumliwaza mtoto. Kuna pahala mapema, baada ya kumuwinda paa, anaunyosha mkono umfikie mwanawe Atreus mgongoni, kisha anaurudisha. Gemu nzima nimeicheza mara mbili kwa ajili ya mkono ule. Nawajua wanaume wazima wenye mkono kama huo, na watoto wao wanausubiri.

Je, gemu zinawafanya watoto wasiwaheshimu baba zao?

Sijaona. Nilichoona ni watoto wanaobaki kibandani mpaka saa nne za usiku kwa kuwa hakuna anayekuja kuwaita.

Lini tutapata gemu ya Fumo Liyongo? (Mwalimu, Malindi)

Natamani kuliko wewe. Ila wengi wanaoniandikia juu ya Liyongo wanataka upinde, mishale na kutoroka gerezani tu. Liyongo alikuwa baba. Hakuna silaha iliyomuweza ila sindano ya shaba ya kitovuni, na siri hiyo alimwambia mwanawe mwenyewe alipomuuliza, hali ameshamshuku kwamba ametumwa. Mwana akamchoma baba akiwa usingizini. Liyongo akajikokota mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo, na mji ukakaa siku kadhaa bila kuthubutu kwenda kuteka maji.

Anayetaka kuitengeneza asianzie vitani. Aanzie usiku ule wa swali, mtoto ameketi karibu na baba, na ampe mchezaji pedi achague: atauliza, au atanyamaza.