Hewa ya Ukaa ya Kutengeneza Nyumbani kwa Tangi la Mimea: Ushauri Kutoka Mwanza

Anayefuga samaki wa mapambo na kutamani tangi lenye mimea iliyostawi hufika mahali ambapo taa inatosha na mbolea ipo, lakini majani yanabaki madogo na mwani unaanza kuyafunika. Mara nyingi kinachokosekana ni kaboni. Maji ya tangi la kawaida huwa na miligramu chache tu za hewa ya ukaa kwa lita, ilhali mimea inayokua kwa kasi hustawi zaidi inapopata karibu miligramu 30. Mtungi wa gesi pamoja na vali zake ni ghali, ndiyo maana wengi wetu tunategemea chupa ya sukari na hamira, ambamo hamira hula sukari na kutoa hewa ya ukaa. Nimeitumia kwa muda mrefu katika tangi la lita 60 hivi hapa Nyegezi, na ninalotaka kulisisitiza ni kwamba kiasi kidogo cha hewa kinachoingia bila kubadilikabadilika kina faida kuliko kiasi kikubwa kinachopanda na kushuka, na kwamba joto letu ndilo linalovuruga hali hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kutoboa kizibo chochote, angalia kwanza unafuga nini. Valisneria, zile nyasi ndefu za majini, na seratofilamu yenye matawi kama mkia wa paka, zote huota zenyewe katika Ziwa Victoria na zina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti iliyomo majini, kwa hiyo hukua vizuri bila chupa yoyote. Anayefuga furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, naye asihangaike na gesi. Furu wamezoea maji yenye pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) ya juu ya 7, huchimba mchanga na kung'oa mimea, na hewa ya ukaa hushusha pH. Chupa inamfaa mwenye mimea ya zulia inayotandaa chini ya tangi, mimea myekundu au ile yenye shina jembamba, pamoja na samaki wadogo wasiosumbuliwa na maji yenye asidi kidogo.

Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na maji ya ziwa ni laini, yaani yana madini machache; ugumu wake wa kaboneti, ambao hupimwa kwa digrii, ni karibu 3 tu. Kwa maji ya namna hiyo, pH ikiwa 7.4 hewa ya ukaa iliyomo haifiki miligramu 4 kwa lita, na ikishuka hadi 6.5 imekaribia 28. Tofauti hiyo ndogo kwenye kipimo ni kubwa sana kwa samaki, kwa hiyo mwenye karatasi au dawa ya kupimia pH apime asubuhi na jioni katika wiki ya kwanza. Mawe ya kupambia yasikutie wasiwasi, kwa kuwa majabali yetu ya matale hayabadilishi ugumu wa maji kama yafanyavyo mawe ya chokaa.

Kwa ujenzi, tafuta chupa ya soda ya lita 2, kwa sababu imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Chupa nyembamba ya maji ya kunywa haifai, na ya kioo ni hatari kabisa. Mpira wa dripu unaouzwa maduka ya dawa ni mzuri kuliko mpira laini wa silikoni, ambao hupitisha hewa ya ukaa kwenye kuta zake. Toboa kizibo kwa msumari uliopashwa moto, tundu liwe dogo kidogo kuliko mpira, kisha kata ncha ya mpira kwa mshazari, ichovye kwenye maji ya moto na uivute kwa plaizi kutoka upande wa pili. Ukifanya hivyo, tundu lenyewe hubana mpira kiasi kwamba gundi inabaki kuwa nyongeza tu. Kile kigurudumu cha kubania kilichoko kwenye mpira wa dripu kiondoe kabisa, kwani mtu akikifunga wakati hamira inafanya kazi, gesi haina pa kutokea na chupa inaweza kupasuka.

Kati ya chupa kubwa na tangi weka chupa ndogo yenye maji nusu. Mpira unaoingia uzame majini na unaotoka ubaki juu ya maji. Chupa hiyo hunasa povu la hamira lisifike kwa samaki, na kupitia plastiki yake unahesabu viputo vikipanda kimoja kimoja. Baada yake weka vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, kwa kuwa chupa ikipoa usiku au sukari ikiisha, maji ya tangi yanaweza kuvutwa hadi sakafuni. Ndani ya tangi, jiwe laini la hewa linatosha, au peleka ncha ya mpira kwenye mdomo wa chujio ili pangaboi isage viputo.

Mapishi mengi yanayosambazwa yameandikwa kwa nchi za baridi, na yanataka kijiko kizima cha hamira. Huku kwetu mchana hufika nyuzi 28 au zaidi, na kijiko kizima hutoa gesi nyingi mno siku za mwanzo kisha kunyamaza kabla ya wakati. Mimi naweka vikombe viwili vya sukari, lita moja ya maji ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha hamira na chembe ya baikaboneti ya soda ili mchanganyiko usichachuke upesi. Chupa inakaa ndani ya beseni la maji, mbali na dirisha, ili joto la mchana na ubaridi wa usiku visiifikie kwa ghafla. Hudumu takriban wiki mbili, mpaka sukari iishe au pombe inayozalishwa iidhoofishe hamira.

Muhimu kuliko yote ni kutumia chupa mbili zilizounganishwa kwenye mpira mmoja na kuzijaza upya kwa zamu, wiki hii moja na wiki ijayo nyingine. Moja inapochoka nyingine imeshika kasi, na mimea haioni tofauti. Ule mwani mweusi wa manyoya unaoshika kingo za majani hupenda matangi ambayo gesi yake hupanda na kushuka, na zamu hii imeuzuia kwangu kuliko dawa yoyote. Kiputo kimoja kwa sekunde kinatosha kwa tangi la lita 60 kama langu.

Usiku unahitaji uangalifu wa pekee. Hamira hailali, na taa ikizimwa mimea nayo huanza kutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Tuko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu ni ya vuguvugu, hivyo hata yakijaa oksijeni kabisa hayashiki zaidi ya miligramu 7 hivi kwa lita. Washa pampu ya hewa taa inapozimwa. Umeme ukikatika, toa mpira wa gesi nje ya tangi mara moja, kwa sababu pampu inasimama na chupa inaendelea. Ukiwakuta samaki alfajiri wamejipanga juu wakihema kwa kasi, toa mpira, koroga uso wa maji na ubadilishe theluthi ya maji kwa yaliyokwisha kuondolewa klorini.

Wanaotaka gesi inayofungika wakati wa usiku hutumia unga wa ndimu (asidi ya sitriki) na baikaboneti ya soda katika chupa mbili zenye kizibo maalumu cha vali. Gramu 200 za kila kimoja ni kipimo kilichozoeleka. Magadi ya sokoni usiyatumie badala ya baikaboneti, kwani yana chumvi nyingine na nguvu yake haitabiriki. Msukumo katika mfumo huu ni mkubwa, kwa hiyo ununue kizibo chenye kipimo cha msukumo na vali ya usalama, usijaribu kukibuni.

Masalia ya hamira yamwage chooni. Vipande vya mimea ya kigeni unavyopogoa vikaushe juani kabla ya kuvitupa, visifike mtaroni wala ziwani, maana magugu maji nayo yalikuja kutoka Amerika Kusini. Na tangi likizidi lita 100, chupa zitakazohitajika ni nyingi na kuzihudumia ni kazi ya kila siku. Hapo weka akiba ununue mtungi.