Wakianza Wimbo Mpya, Nani Anabaki Ukumbini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na kaka yangu tumekorofishana tangu sikukuu. Yeye anasema bendi za dansi za Msondo na Sikinde zimekwisha, zimebaki bendi za zilipendwa, watu wazima wanakwenda kukumbuka ujana wao na kurudi nyumbani. Mimi nasema bendi ni bendi, ilimradi inapanda jukwaani na watu wanacheza. Tuamulie. – Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limeletwa na wengi, na kila mmoja ameshaamua kabla hajaniandikia. Mimi nitakujibu kwa yale niliyoyaona mlangoni, maana nimekata tiketi za dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mlangoni unaona kitu ambacho aliye ndani hakioni: nani anatoka, na anatoka wimbo gani unapoanza.

Bendi haiwi ya zilipendwa kwa sababu inapiga nyimbo za zamani. Hakuna bendi ya maana isiyopiga nyimbo zake za zamani. Ukienda kwa Sikinde ukaikosa “Neema” utadai kiingilio chako, na utakuwa na haki. Bendi inakuwa ya zilipendwa siku wimbo mpya unapokosa pa kukulia. Hapo ndipo penye ugomvi wenu, ingawa nyote wawili mmepapita.

Zamani wimbo ulikuwa na njia yake. Mtunzi anakuja mazoezini na maneno na sauti. Mpiga solo anatafuta pa kuingilia, wapuliza tarumbeta na saksafoni wanapanga majibu yao, besi na tumba wanakubaliana ni wapi taratibu inakwisha na chemko, ile sehemu ya kasi, inaanza. Kisha unapigwa ukumbini, wiki hii, wiki ijayo, na ile nyingine. Watu wakikaa vitini, unarudi mazoezini kukatwa na kuongezwa. Ukishaiva, bendi inakwenda Redio Tanzania Dar es Salaam. Pale maneno yanapitiwa na kamati, wimbo unarekodiwa, halafu unarushwa. Kwa kuwa mpaka mwaka 1994 hapakuwa na redio binafsi, Tanzania Bara nzima ilikuwa ikisikiliza wimbo uleule. Bendi ikienda ziara mikoani inakuta watu wanaimba pamoja nayo.

Na hao wanamuziki walikuwa na mshahara. Vijana wengi hawalijui hili. Msondo ilizaliwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, wanamuziki waajiriwa. Chama kikaja kuwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Mwaka 1991 ikawa OTTU Jazz, na baadaye ikajitegemea kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, nayo ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi na usafiri, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kukupigia wimbo mpya mpaka ukuingie, hata kama wiki ya kwanza umemnunia.

Bendi inayoishi kwa kiingilio haina subira hiyo. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mwimbaji anatangaza, “Huu ni mpya, tunaomba mtusikilize.” Solo haijamaliza mzunguko wa kwanza, wanandoa waliokuwa katikati ya ukumbi wanashikana mikono kurudi mezani. Akina baba watatu wanne wanapita kwangu kwenda kwa mchoma mishikaki. Wengine wanauliza choo kiko wapi, na wanakijua. Bendi inaendelea kupiga kwa watu wachache waliobaki, mpiga rizimu macho yake mlangoni. Kisha ikiingia ile ya mwaka 1980, mishikaki inaachwa kwenye sahani, watu wanakimbia, fedha zinabandikwa kwenye mapaji ya nyuso za waimbaji. Sasa kiongozi wa bendi akirudi nyumbani usiku ule, unadhani Jumapili ijayo ataanza na upi?

Kwa hiyo kaka yako ameona sawa kwamba nyimbo za zamani zimejaa, ila kosa amewatwisha wasiokuwa nalo. Sisi tunaokaa vitini tumechangia, na waandaaji wanaobandika matangazo ya “usiku wa zilipendwa” wamechangia. Msondo ilionyesha kwamba inawezekana. Miaka ya mwanzo ya 2000, redio zimeshakuwa nyingi na Bongo Fleva imeshika mji, mwimbaji wake TX Moshi William akaja na “Piga Ua Talaka Utatoa”, na mitaa ikauimba, wakiwemo watoto wasiowahi kufika dansini. Leo wimbo huo nao unaombwa kama zilipendwa. Ulikuwa mpya, mwanangu. Watu walibaki ukumbini ukapata nafasi ya kupendwa.

SWALI: Mama, naomba tuwe wakweli. Kati ya waimbaji, Muhidin Gurumo ametangulia, TX Moshi ametangulia, Shaaban Dede ametangulia. Bendi inayobaki na jina tu si ni kama duka lililouzwa na kibao kikaachwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mungu awarehemu wote watatu. TX Moshi alituacha mwaka 2006, Gurumo Aprili 2014, Dede mwaka 2017. Sitajifanya kwamba mapengo hayo yamezibika. Sauti ya Gurumo ilikuwa haiinuki wala kupiga kelele, na bado ilikuwa ikitawala ukumbi.

Lakini kama kuondoka kwa watu ndiko kufa kwa bendi, basi Sikinde ingezikwa mwaka 1985. Mwaka huo Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alichukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mkupuo, na miongoni mwao walikuwamo Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar. Wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Mjini tulidhani Sikinde imekwisha. Haikwisha, kwa sababu King Michael Enoch alibaki, na Enoch ndiye aliyekuwa akizipanga zile ala. Alijua tarumbeta ziingie wapi na gitaa la pili linyamaze wapi. Waimbaji wapya walikuta nyumba yenye nguzo. Na kumbuka kwamba Gurumo na Bitchuka wenyewe waliingia Mlimani Park wakitokea Juwata. Kuhama hakukuanza juzi.

Upande wa Msondo, Said Mabera alilishika gitaa la solo tangu miaka ya 1970, hakuhamahama kama wenzake. Ndiyo maana Msondo ya Gurumo na Msondo ya TX Moshi zinatofautiana waimbaji, lakini mtu akipita nje ya ukumbi, kabla hajasikia neno lolote, anajua hawa ni Msondo, Baba ya Muziki.

Ninachokikataa, na hapa nitakuwa mkali, ni kumchukua kijana mwenye koo zuri na kumwambia aimbe kama marehemu. Avute pumzi pale pale, acheke pale pale, ataje majina ya mashabiki wale wale waliotajwa kwenye rekodi, wengi wao wameshazikwa. Kijana huyo amegeuzwa kaseti. Mpeni wimbo wake. Aimbe za wakubwa kwa sauti yake, halafu apewe dakika zake kumi za kusema la kwake. Bendi isiyofanya hivyo ndiyo iliyobaki na kibao, hata waasisi wake wote wawe hai.

SWALI: Shikamoo bibi. Niko Uingereza kwa masomo. Wenzangu huku wanabishana hivyo hivyo kuhusu bendi ya Rolling Stones, kwamba ni wazee wanaouza kumbukumbu. Je, ni jambo moja? – Msomaji, Leeds

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ubishi ni mmoja, hali si moja. Rolling Stones ilianza London mwaka 1962, miaka miwili tu kabla ya NUTA Jazz, na nayo imezika: mpiga ngoma wao Charlie Watts alifariki mwaka 2021. Mwaka 2023 walitoa albamu ya nyimbo zao mpya, “Hackney Diamonds”, na ya namna hiyo kabla yake ilikuwa ya mwaka 2005. Miaka kumi na minane! Hata hivyo mashabiki wao wanajaza viwanja wakisubiri nyimbo za miaka ya 1960.

Lakini wale wakiamua kutotunga, wana uwezo wa kukaa. Wimbo wao ukipigwa redioni, wanaostahili wanalipwa. Wa kwetu, nyimbo zimepigwa redioni na harusini nusu karne na waliozipiga hawakupata cha kusimulia. Gurumo alikuwa ameimba zaidi ya miaka hamsini alipozawadiwa gari mwaka 2013, na aliyempa ni kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz. Nilifurahi sana siku ile, na niliumia pia. Mzee yule hakupaswa kusubiri zawadi. Kwa hiyo wenzako wakimlaumu Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, kwa kuishi na ya zamani, waache wabishane. Ukisikia lawama hiyo ikielekezwa kwa Msondo, watetee.

SWALI: Mama, sijawahi kwenda dansi. Nimealikwa Jumapili. Nikifika niombe wimbo gani nisionekane mgeni? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Usiombe wa zamani, utapigwa tu, wapo watakaouomba mapema kuliko wewe. Nenda mapema, bendi inapokuwa bado inapasha vyombo, maana wimbo mpya kwa kawaida hupigwa saa ambayo watu hawajajaa. Kaa karibu na magitaa, mbali na spika kubwa, utasikia solo na rizimu zinavyojibizana. Wakitangaza mpya, simama ucheze, hata kama mko wawili. Hela yako ya kutuza iweke hapo, kwa mtunzi. Wakipumzika, mfuate mwimbaji umuulize wimbo ule unaitwaje na nani ameutunga, kisha niandikie majina hayo. Nitayachapa hapa.