Wifi Yako Hakukuchafulia Jina, Mwanangu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na mume wangu ni mtumishi wa Serikali anayeamkia Mtumba kila siku. Tangu mwaka jana nafanya biashara ya mtandao: nauza kwa simu virutubisho vya lishe, dawa ya meno na sabuni za kampuni moja ya nje, na pia naunganisha watu kwenye timu yangu. Mtaji niliukopa kikoba, wifi yangu akanidhamini. Bidhaa ni nzuri; hata mama mkwe kule Kongwa, ambaye ana sukari, alitumia unga wetu akapata nafuu mpaka akapumzisha vidonge. Lakini badala ya kunishukuru, wifi aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba mtu yeyote asinunue kwangu. Mume wangu hakunitetea. Ananiambia niache, na kila simu ikiita anauliza ni nani. Majirani wananiita tapeli, marafiki hawafungui tena matangazo yangu, na maboksi yamejaa chumbani. Nifanye nini ili jamii iheshimu kazi yangu, na mume wangu atambue kwamba dada yake ananionea wivu?"

Marahaba, mwanangu. Kuitwa tapeli na watu unaokaa nao mkeka mmoja kwenye misiba kunauma, na sitakuambia ujikaze tu yapite. Lakini kila ninapoirudia barua yako, jicho langu linakwama mahali pamoja, pale uliposema kwamba mama mkwe amepumzisha vidonge. Wewe umeliandika jambo hilo kama sifa ya bidhaa, ukalipita. Mimi nimeliona kuwa ndiyo sababu ya yote yaliyofuata.

Kwa hiyo, kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu mama, au mpigie aliye karibu naye, arudi kliniki na kadi yake apimwe, na daktari ndiye aseme kuhusu vidonge vyake. Mgonjwa wa sukari anaweza kujisikia mwepesi na mwenye nguvu wiki nzima huku sukari imepanda na macho, figo na miguu vinaharibika polepole bila maumivu yoyote. Nafuu anayojisikia mtu mwilini si kipimo. Kipimo ni kile kitone cha damu kwenye kidole, na wewe huna mashine hiyo chumbani kwako, una maboksi.

Sasa tuzungumze kuhusu wifi yako. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya wanakikoba akasema wewe ni mtu wa kuaminika, na ukishindwa kulipa, hisa zake yeye ndizo zitakazokatwa. Mwenye wivu hadhamini. Angekuwa na wivu angekaa kimya siku ile kikoba kikunyime, na mambo yangeishia hapo. Alikushika mkono, na baadaye alipoona mama yake mzazi ameacha dawa kwa maneno ya mke wa kaka yake, akamtanguliza mama. Ulitaka amtangulize nani? Mimi niko upande wake, na nalisema wazi. Kama ana kosa, ni kutokukuita pembeni kabla ya kuandika mbele ya ukoo mzima, lakini hata hapo nina mashaka, kwa sababu barua yako haielezi ni maneno gani mlikwisha kuambiana ninyi wawili kabla ya siku hiyo. Mtu hakurupuki kuandika ujumbe kama ule bila kuwa amesema mara kadhaa na hakusikilizwa.

Tena ulilolifanya haliishii kwenye ugomvi wa mawifi. Dawa katika nchi hii husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, na bidhaa zinazoingia sokoni kama chakula, pamoja na vipodozi, ziko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 jukumu hilo lilipotolewa katika iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kopo lililoingia kama chakula haliuzwi kwa ahadi ya kutibu sukari, presha, vidonda vya tumbo au uvimbe wa kizazi, hata kama aliyekuunganisha amekutumia ujumbe wa sauti akiapa kwamba amewaona waliopona. Chukua kopo moja, geuza upande wa nyuma, usome maandishi yale madogo ambayo wauzaji wengi huyaruka. Makopo mengi ya aina hiyo yameandikwa na watengenezaji wenyewe kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuponya ugonjwa wowote. Mwenye kiwanda hakuthubutu kusema kwamba inatibu, wewe umesema, tena umemwambia mama mwenye sukari anayekuamini kwa sababu wewe ni mkwe wake.

Ninakuja kwenye hilo jina la tapeli, maana ndilo ulilouliza. Watu wa nchi hii wana kumbukumbu. Wengi wetu tulishuhudia DECI, ambako watu walihimizwa "kupanda mbegu", yaani kutoa fedha, ili "wavune", wakauza mali na kukopa ili wapande, mpaka mwaka 2009 Serikali ilipoingilia kati na viongozi wa DECI wakafikishwa mahakamani kwa kuendesha upatu, yaani kuwalipa waliotangulia kwa fedha za wanaoingia nyuma yao, kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu. Tangu hapo, mtu akimwambia mwenzake kwamba kuna fursa, lakini hawezi kuieleza kwenye simu mpaka waonane, mwenzake anashika pochi yake, na ana haki ya kuishika. Huo si uchawi, wala si roho mbaya ya majirani wa Nkuhungu. Ni watu waliowahi kuumwa, na tumezoea kusema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hata hivyo, kuuza bidhaa mkono kwa mkono, bila duka, ni kazi halali na ni ya zamani. Huko Marekani, kampuni ambayo baadaye iliitwa Avon ilianza mwaka 1886 kwa akina mama kupita nyumba kwa nyumba na manukato, na wako wanawake wengi waliolea watoto kwa kazi hiyo wakati ambapo ajira nyingi zilikuwa za wanaume. Huko huko ndiko pia swali la lini kazi kama yako inageuka utapeli limeulizwa mahakamani na kwenye tume kwa miaka mingi. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipomaliza shauri la Amway, kampuni ya biashara ya mtandao kama yenu, iliona kwamba haukuwa mradi wa upatu, na miongoni mwa mambo yaliyoiokoa ni kanuni zake: mali isiyouzika ilinunuliwa tena, muuzaji alitakiwa awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichochukua kabla ya kuchukua kingine, na alitakiwa aonyeshe wateja kumi kwa mwezi. Mwaka 2016 tume hiyo hiyo ilifikia makubaliano na Herbalife, wauzaji wa virutubisho kwa njia hiyo hiyo, kampuni ikatoa dola milioni 200 na kutakiwa ibadili namna ya kuwalipa wauzaji wake ili malipo yafuate mauzo ya kweli kwa watumiaji, badala ya kufuata idadi ya walioingizwa.

Jipime kwa kanuni hizo leo usiku, watoto wakishalala. Kati ya walionunua kwako mwezi uliopita, toa ndugu, toa wanakikoba, toa watu wa timu yako walionunua ili wasipoteze pointi zao, kisha toa na ulichonunua wewe mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Waliobaki ndio wateja wako. Wakiwa watano, una biashara ndogo inayoweza kukua. Asipobaki mtu, basi mwanangu hujawahi kuuza, umekuwa ukinunua, na majirani wameona kabla yako.

Unasema marafiki hawafungui tena matangazo yako. Mimi nadhani ninayajua matangazo hayo bila kuyaona: picha ya gari jeupe ambalo si lako, maburungutu ya dola, mtu aliyevaa suti akipokea cheti jukwaani, na chini yake maneno kwamba walioajiriwa wataendelea kuwa maskini. Mumeo ameajiriwa. Umewahi kufikiri anasikia nini akisoma hayo wakati mshahara wake ndio unaolipa kodi ya nyumba na kifurushi ulichotumia kuyatuma? Halafu mtu akiuliza bei ya dawa ya meno unamwambia aje kwa ujumbe wa siri, na akija unamweleza habari ya kujiunga. Kundi la ukoo si genge la nyanya, ambapo kila apitaye lazima aitwe na kuonyeshwa fungu. Pale watu wanaleta habari za wagonjwa, za misiba na za mahari.

Namfahamu mama mmoja wa Makole anayeuza bidhaa za namna hiyo hiyo, naye hajaitwa tapeli. Hupiga picha boksi likiwa juu ya meza yake mwenyewe, akaligeuza ili tarehe ya kuisha muda ionekane, akaandika bei kamili na gharama ya bodaboda mpaka Kisasa au Area C, basi. Haandiki kwamba linatibu. Dawa ya meno ni dawa ya meno, anasema ina ukubwa gani na inadumu muda gani kwa familia ya watu wangapi. Mzigo mkubwa anauagiza karibu na mwisho wa mwezi, watumishi wanapopokea mshahara, na katikati ya mwezi haagizi. Mteja akilalamika anapokea bidhaa na kurudisha fedha bila mabishano, maana biashara haigombi. Mtu akimuuliza habari za kujiunga, humwambia kwanza atumie bidhaa, kisha humwonyesha daftari lake lote, pamoja na miezi aliyopata hasara. Ndiyo maana watu wanaomkimbia ni wachache.

Sasa mumeo. Umeniandikia ukali wake, lakini hujaniandikia deni la kikoba limebaki kiasi gani, wala rejesho la mwezi huu limetoka wapi. Hilo nalo nimeliona. Mwanamume anayeuliza kila simu inapoita kwamba ni nani, mara nyingi hatafuti mwanamume mwenzake, anaogopa wadai. Huenda alikwisha kukutana na ujumbe wa mkopo mwingine, wa wale jamaa wa kausha damu, uliouchukua ili ulipe rejesho la kikoba, au ili ununue mzigo wa kubakiza cheo chako kwenye timu. Kama nakuonea, nisamehe. Kama sikuonei, basi ujue kwamba mume wako ameshalijua hilo na anasubiri alisikie kinywani mwako.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza katika jambo hili moja kuliko mengine yote. Wazazi wetu walipishana kwa mengi, lakini ghala lilikuwa moja, na mwanamke wa Ugogo alijua mtama uliomo utafika mvua ipi. Leo mume ana simu yake na madeni yake, mke ana simu yake na madeni yake, wanalala kitanda kimoja na kila mmoja ana nywila ambayo mwenzake haijui, halafu siku mdai anapogonga mlango wanaanza kutafuta nani ni mchawi. Wanawake tunaambiwa tujitafutie, na ni kweli tujitafutie, mimi ndiye wa kwanza kulisema hilo. Lakini kujitafutia kwa siri, ukitumia jina zuri la wifi kama dhamana na afya ya mkwe kama tangazo, ni kujitafutia kwa gharama ya watu ambao hawakuulizwa. Mume anayekataza tu bila kusikiliza hesabu naye anakosea, na kama wako atakuwa hivyo baada ya kuonyeshwa kila kitu, uniandikie nitamsema yeye. Kwa sasa hajaonyeshwa kitu.

Nunua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na yako imeisha ikiwa ndani ya maboksi. Andika mtaji, kila mzigo ulioagiza, nauli ya semina, vifurushi vya simu, bodaboda, na bidhaa mlizotumia nyumbani, halafu andika kilichoingia. Mpelekee mumeo Jumapili jioni, umwambie na deni lote hadi shilingi ya mwisho, bila kumtaja dada yake. Futa leo kila tangazo linalotaja ugonjwa. Katika kundi lile lile la ukoo andika kwa mkono wako kwamba unga ule si dawa, kwamba mama asiache vidonge, na kwamba wifi alikuwa sahihi kusema. Maneno hayo matatu yatakurudishia heshima kwa kasi ambayo tangazo lolote haliwezi. Kisha nenda kwake mwenyewe, si kwa simu, mpange pamoja namna rejesho la kikoba litakavyolipwa bila kugusa hisa zake.

Maboksi ambayo hayajafunguliwa, yahesabu na uiandikie kampuni rasmi kuomba iyachukue na kurudisha fedha, ukiweka namba za risiti na tarehe za kuisha muda. Hadi itakapojibu, usiunganishe mtu mwingine yeyote, wala usiagize mzigo mpya kwa ajili ya pointi. Jibu lao likija, nitumie jinsi lilivyo, na safari hiyo uniandikie deni ni kiasi gani.